Dirisha Lenye Miwani

Mashine namba nne ndiyo yenye kazi.
Anayeikalia huupa ukuta mgongo.
Orofa ya kwanza, nyuma ya Mwembe Tayari,
ngazi zanuka viazi karai tangu asubuhi.
Dakika, shilingi moja. Kuchapa, kumi.

Wateja hawalitaji jina lake.
Huinamia kaunta: "Kijana, nifungulie lile jeusi."
Nabonyeza vitufe vitatu, nalo lachomoza
na kofia yake na miwani yake,
kama mpelelezi aliyejileta harusini bila kualikwa.
Chini limeandika maneno yasiyosomwa na mtu:
kwamba lenyewe halitakumbuka,
ila wengine huenda wakaona.

Maalim Badi (nimembatiza mimi)
huja baada ya adhuhuri,
huandika jina la mwanamke kwa herufi kubwa zote
na mbele yake, Maskati.
Hakuna. Jana hakuna. Mwaka wa tatu huu.
Hulifunga taratibu,
kama afungaye mlango wa mtoto aliyelala,
huniachia ishirini, chenji hataki.

Yupo na msichana aliyegeuza sweta nje ndani
kuficha nembo ya skuli.
Aliuliza swali la kumuuliza mamake,
lau mamake angekuwa mtu wa kuulizwa.

Nami najua. Si kwa kuchungulia, haki ya Mungu.
Dirisha lasahau, mimi nimekaa pale pale,
na kile kisanduku juu ya kichwa changu
chakonyeza taa zake za kijani:
chajua kila mlango uliobishwa.

Jumatano alikuja (nitamwita Tima,
jina lake ni lake).
Saa nzima na dakika kumi. Akarekebisha ushungi.
"Hufutwaje?"
"Hapa hakufutwi, mama. Ukifunga, limekufa."
"Na wewe je?"
Nikacheka. Hakucheka.
Alitaka kurasa mbili. Ikatoka moja, karatasi zikaisha.
"Basi, yatosha," akashuka.

Baada ya isha nikaijaza printa,
nayo, isiyojua siri ni mnyama gani,
ikakohoa, ikatema ule wa pili:
*Uvimbe usiouma, hata mdogo kama choroko,
uonwe na daktari wiki hii, si mwezi ujao.*

Karatasi zangu mbovu zote hushuka kwa Bi Nuru,
akafungia viazi.
Hii niliitia droo, chini ya daftari la risiti.

Jumamosi akaja mumewe, kulipia leseni ya duka.
Viti vyote vitupu, yeye akakaa namba nne!
Akaandika herufi moja,
akangoja mashine immalizie neno.
"Mbona hii haina kitu?"
"Haina kitu," nikasema,
goti langu limeibana droo isifunguke
na hakuna aliyeigusa.

Jumanne, kutoka juu, namwona Tima
amesimama mbele ya karai la Bi Nuru.
Nikashuka ngazi mbili mbili, nikapitia nyuma ya jiko.
Bi Nuru hajui kusoma, au hujifanya.
"Vya yule vifunge na hii. Maandishi ndani."
Akanitazama. Akaongeza ukwaju.

Nilikuwa nimesharudi juu alipofungua.
Alisimama katikati ya njia, tuktuk zikampigia honi.
Viazi akavimwagia viganjani mwa kijana wa mkokoteni,
moto moto, hata kijana akaruka.
Karatasi akaikunja mara nne,
ukwaju umelowa kwenye neno *wiki*,
akaitia kifuani.

Hakushika njia ya Majengo, ya kwake.
Alishika ya Tononoka, kunako hospitali,
kisha akasita, kama mtu aliyeitwa.
Nikalirudisha dirisha langu, lile la mbao,
kabla hajainua mato.